Kujifunza Kuandika Programu za PLC: Mwongozo Kamili Kupitia Pampu Moja, Kisima Kimoja na Tangi Moja

Fundi umeme anayeweza kuunganisha kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa umeme), ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa) na vitufe viwili ili kuendesha mota ya fezi tatu ameshasafiri sehemu kubwa ya njia kuelekea kwenye PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha kampuni ya General Motors nchini Marekani kilihitaji kifaa cha elektroniki cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei (swichi ndogo zinazovutwa kwa umeme), kwa sababu kila utengenezaji ulipobadilika mafundi walilazimika kufumua nyaya na kuzifunga upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates walitengeneza kifaa kilichoitwa Modicon 084, na namba hiyo ilitokana na kuwa mradi wa 84 wa kampuni yao. Kifaa hicho kiliandikiwa programu kwa michoro iliyofanana na ile ya rilei, ili fundi yuleyule aliyezoea kabati la zamani aweze kuisoma. Michoro hiyo ndiyo lugha ya ngazi tunayoitumia hadi leo.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: pampu inayovuta maji kisimani na kuyapeleka kwenye tangi lililo juu ya mnara. Nimeichagua kwa sababu kila msomaji anaijua, vifaa vyake ni vichache, na ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo mwanafunzi atakutana nayo kwenye kiwanda cha soda au cha saruji. Katika kila hatua utaulizwa swali lilelile: waya huu ukikatika, nini kitatokea? Anayeandika programu bila kujiuliza swali hilo anaandika programu inayofanya kazi siku ya makabidhiano tu.

Hatua ya kwanza: andika kazi kwa maneno kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi, uandike kwa Kiswahili cha kawaida namna mtambo unavyotakiwa kufanya kazi. Kwa mfano wetu, maelezo yanaweza kuwa haya: Mfumo ukishawashwa, pampu ianze maji ya tangi yanaposhuka chini ya boya la chini, na iendelee kuvuta hadi yafike boya la juu. Isianze tena mpaka maji yashuke chini ya boya la chini. Kisima kikipungua maji, pampu isimame papo hapo, kwa kuwa pampu inayozunguka bila maji huungua. Ovalodi ikikata, mfumo wote uzimike na mtu aje kuuwasha mwenyewe.

Aya hiyo fupi ndiyo programu. Yaliyobaki ni kuihamishia kwenye alama. Nimeona wanafunzi wengi wakifungua kompyuta kwanza na kuanza kupanga alama, kisha wakakwama kwa saa nzima kwa sababu hawajaamua pampu ifanye nini tangi likiwa nusu.

Baada ya maelezo, andika orodha ya waya zinazoingia na zinazotoka, kila mmoja na anwani yake (I ni ya kuingia, Q ni ya kutoka), jina lake na maana ya hali yake:

I0.0 Kitufe_Anza: hutoa 1 kinapobonyezwa
I0.1 Kitufe_Simama: hutoa 1 kikiwa hakijaguswa, 0 kinapobonyezwa
I0.2 Ovalodi_Nzima: hutoa 1 ovalodi ikiwa haijakata
I0.3 Kisima_Kina_Maji: hutoa 1 maji yakiwa juu ya boya la kisima
I0.4 Tangi_Limepungua: hutoa 1 maji yakiwa chini ya boya la chini
I0.5 Tangi_Halijajaa: hutoa 1 maji yakiwa chini ya boya la juu
Q0.0 Pampu: huvuta kontakta
Q0.1 Taa_Hitilafu

Soma tena majina hayo taratibu. Boya la juu halikuitwa Tangi_Limejaa, bali Tangi_Halijajaa, na boya lenyewe limefungwa ili lipitishe umeme wakati maji bado hayajafika. Kwa hiyo waya wake ukitafunwa na panya, PLC itasoma 0, itadhani tangi limejaa, na pampu itasimama. Kama ungelifunga kinyume chake, waya ukikatika PLC isingejua kamwe kwamba tangi limejaa, na maji yangemwagika usiku kucha. Hali ni hiyo hiyo kwa ovalodi, ambayo tunatumia vituo vyake vya 95 na 96 vinavyopitisha umeme wakati mota ni nzima, na kwa boya la kisima na kitufe cha kusimamisha. Hakuna waya unaoingia katika orodha hii ambao ukikatika utaianzisha pampu au kuizuia isisimame. Uamuzi huo umefanyika kwenye karatasi, na hakuna ujanja wa programu unaoweza kuchukua nafasi yake.

Hatua ya pili: pata mahali pa kufanyia mazoezi

Hauhitaji kununua PLC ili uanze. CODESYS, programu ya kompyuta ya kuandikia PLC iliyotengenezwa Ujerumani, hupakuliwa bure na ina hali ya kuigiza ambamo programu yako inaendeshwa ndani ya kompyuta bila kifaa chochote. OpenPLC nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuiendesha kwenye bodi ndogo kama Arduino au Raspberry Pi na kuona taa halisi ikiwaka mezani. Siemens hutoa TIA Portal, programu ya kuandikia PLC zake, kwa majaribio ya siku 21, ambazo hupita haraka, kwa hiyo usiipakue mpaka uwe umeshaelewa misingi.

Usihangaike sana kuchagua chapa. Lugha za PLC zimewekewa viwango katika waraka wa kimataifa wa IEC 61131-3, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na anayejua ngazi, mchoro wa maboksi na maandishi yenye mpangilio katika mfumo mmoja huzoea mwingine baada ya muda mfupi. Kinachobadilika ni sura ya programu ya kompyuta na namna anwani zinavyoandikwa.

Ukipata fedha baadaye, tengeneza ubao wa mazoezi: chanzo cha umeme cha volti 24 DC, PLC ndogo, vitufe vinne, swichi tatu za kuigiza maboya, na taa tatu. Ubao wote uwe wa volti 24. Usiweke umeme wa volti 230 kwenye ubao wa kujifunzia, hata kama ni kwa ajili ya kontakta moja tu.

Hatua ya tatu: elewa mzunguko wa PLC

PLC hufanya mambo matatu na kuyarudia bila kuchoka. Kwanza husoma hali za waya zote zinazoingia na kuzihifadhi kwenye kumbukumbu. Kisha hupitia programu kutoka kipago (mstari mmoja wa ngazi) cha juu hadi cha chini, ikitumia zile hali ilizohifadhi, si hali za papo kwa papo. Mwishoni hupeleka matokeo kwenye waya zinazotoka. Mzunguko mmoja kwa kawaida huchukua milisekunde chache. PLC pia ina mlinzi wa muda: kwenye S7-1200, PLC ya Siemens, kwa mfano, mzunguko ukizidi milisekunde 150 zilizowekwa kiwandani, kifaa huhesabu hilo kuwa hitilafu.

Jambo hili lina matokeo mawili ambayo huwatesa wanaoanza. La kwanza ni kwamba tukio fupi kuliko mzunguko linaweza kupita bila kuonekana. La pili ni baya zaidi. Ukiandika Q0.0 katika vipago viwili tofauti, kipago cha mwisho ndicho kinachoshinda, kwa sababu matokeo hupelekwa nje baada ya programu nzima kusomwa. Utatazama skrini na kuona kipago cha tatu kimewaka rangi ya kijani tangu mwanzo hadi kwenye koili (alama ya tokeo), na huku taa ya Q0.0 kwenye PLC imezimika. Utabadilisha waya, utabadilisha rilei, utatilia shaka PLC yenyewe, kumbe kipago cha kumi na mbili kinaandika 0 mahali palepale. Weka sharti tangu leo: kila tokeo liandikwe katika kipago kimoja tu.

Hatua ya nne: vipago viwili vya kwanza

Hapa lazima nieleze neno linalochanganya watu. Katika Kiswahili cha kila siku tukifungua bomba maji hutoka, na tukilifunga maji hukatika. Kwa fundi umeme mambo ni kinyume: kontakti (sehemu ya kugusana ya swichi) iliyo wazi haipitishi umeme, na iliyofungwa inapitisha. Mkanganyiko unaongezeka kwenye kitufe cha kusimamisha, ambacho kimefungwa kwa kawaida. Mwanafunzi huona kitufe kimefungwa, basi naye huchora kwenye ngazi alama yenye mstari wa kukata katikati, yaani ya kontakti iliyofungwa. Anabonyeza Anza na mota haizunguki.

Sababu ni kwamba alama ya kwenye ngazi haichori kitufe, bali inauliza swali kuhusu biti, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye 1 au 0. Alama isiyo na mstari inauliza, "Je, biti hii ni 1?" Alama yenye mstari inauliza, "Je, biti hii ni 0?" Kitufe cha kusimamisha kisipoguswa, umeme unapita na biti ni 1. Tunataka mota izunguke katika hali hiyo, kwa hiyo tunachora alama isiyo na mstari. Rudia maelezo haya mpaka uweze kumweleza mtu mwingine bila karatasi, kwa kuwa asiyeyashika ataendelea kubahatisha alama hadi mtambo ukubali, na mtambo uliokubali kwa kubahatisha hauna usalama.

Kipago cha kwanza ni kujishikilia, kama kontakta inavyojishikilia kwa kontakti yake yenyewe. Nitakiandika kwa lugha ya maandishi ili kisomeke hapa, ambapo AND ni kontakti zilizofuatana na OR ni kontakti zilizo sambamba:

Mfumo_Tayari := (Kitufe_Anza OR Mfumo_Tayari) AND Kitufe_Simama AND Ovalodi_Nzima;

Mfumo_Tayari ni biti ya kumbukumbu tu na haina waya. Kipago cha pili kinaendesha pampu:

Pampu := (Tangi_Limepungua OR Pampu) AND Mfumo_Tayari AND Tangi_Halijajaa AND Kisima_Kina_Maji;

Pitia kipago hiki kwa kidole. Tangi likipungua, pampu inaanza na kujishikilia. Maji yakivuka boya la chini, Tangi_Limepungua inakuwa 0, lakini pampu inaendelea kwa sababu inajishikilia yenyewe. Maji yakigusa boya la juu, Tangi_Halijajaa inakuwa 0 na mshiko unakatika. Maji yakishuka kidogo, Tangi_Halijajaa inarudi kuwa 1, ila pampu haianzi, kwa kuwa hakuna kinachoianzisha mpaka boya la chini. Nafasi kati ya maboya mawili ndiyo inayoipumzisha pampu.

Hatua ya tano: taima ya kisima

Programu niliyoiandika mwanzoni kwa kazi ya namna hii iliishia kwenye vipago hivyo viwili, nami nikaridhika nayo. Wakati wa masika ilifanya kazi vizuri. Kiangazi kilipofika niliitwa kwa sababu kabati lilikuwa linagonga. Nilipofungua mlango nilisikia kontakta ikivuta na kuachia kila baada ya sekunde chache, na harufu ya plastiki iliyopata moto ikanijia. Nilipoifungua kontakta, sahani zake za kugusana zilikuwa zimeliwa na kuwa na mashimo meusi. Kilichotokea ni hiki: pampu ilipovuta, maji ya kisima yalishuka chini ya boya na pampu ikasimama. Iliposimama, maji yalipanda kidogo kutoka kwenye chemchemi, boya likainuka, na kwa kuwa tangi lilikuwa tupu, pampu ikaanza tena papo hapo. Mota huvuta mkondo mkubwa kila inapoanza, na hii ilikuwa inaanza mamia ya mara kwa siku. Kosa lilikuwa langu, na niliilipa kontakta hiyo mwenyewe.

Dawa yake ni taima ya TON, ambayo tokeo lake huwa 1 baada ya ingizo lake kukaa kwenye 1 kwa muda wote uliowekwa, na hurudi 0 mara moja ingizo likianguka. Tabia hiyo ndiyo tunayoitaka hasa: kusimama bila kuchelewa, kuanza kwa subira. Weka taima ya dakika 10 kwenye Kisima_Kina_Maji, liite tokeo lake Kisima_Tayari, na utumie Kisima_Tayari kwenye kipago cha pampu. Kipago cha taima kitangulie kipago cha pampu, ili pampu isome hali mpya katika mzunguko uleule. Muda halisi utategemea kisima chenyewe: kipime kwa kuangalia maji yanachukua muda gani kurudi, usikadirie ukiwa ofisini.

Ongeza kipago cha taa ya hitilafu, iwake ovalodi ikikata au kisima kikipungua. Kisha jaribu mwenyewe zoezi hili: kama Tangi_Limepungua ni 1 na wakati huohuo Tangi_Halijajaa ni 0, maji yako chini ya boya la chini na juu ya boya la juu kwa pamoja. Hilo haliwezekani, kwa hiyo boya moja limekwama au waya umekatika. Andika kipago kitakachowasha taa katika hali hiyo.

Umeme ukikatika na kurudi

Kwetu swali hili haliepukiki. Biti ya Mfumo_Tayari, isipowekwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, hufutika umeme unapokatika, na kwa hiyo umeme ukirudi saa nane usiku pampu haitaanza mpaka mtu abonyeze Anza. Kwa msumeno, mashine ya kusaga au mkanda wa kubebea mizigo, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa na wala hapana mjadala, kwa sababu huenda mtu ameingiza mkono ndani wakati mashine imesimama. Kwa pampu iliyo chini kisimani, ambayo hakuna anayeweza kuigusa, mlinzi hapaswi kuamshwa kila umeme unaporudi. Hapo ondoa vitufe viwili, weka swichi moja ya kuchagua Otomatiki na Zima, na kipago cha kwanza kiwe Swichi_Otomatiki AND Ovalodi_Nzima tu. Ovalodi yenyewe iwekwe kwenye hali ya kurudishwa kwa mkono, la sivyo itapoa na kuiwasha mota iliyo mbovu tena na tena. Taima ya kisima tayari inatupa subira baada ya umeme kurudi, wakati volti bado inayumba.

Hatua ya sita: jaribu kwa kuharibu

Katika hali ya kuigiza, usijaribu tu kama pampu inaanza na kusimama. Chukua waya sita zinazoingia katika ile orodha, uzikate moja baada ya nyingine kwa kuweka 0, mara pampu ikiwa inazunguka na mara ikiwa imesimama. Hayo ni majaribio 12. Andika matokeo ya kila moja kwenye karatasi karibu na matokeo uliyoyatarajia kabla ya kujaribu. Palipo na tofauti, ama programu ina kosa ama hukuielewa, na yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Hatua ya saba: kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kabati

Tokeo la transista la PLC kwa kawaida hubeba ampia 0.5 na la rilei ampia 2, kwa hiyo mota haifungwi kwenye PLC kamwe. PLC huvuta rilei ya kati, rilei ya kati huvuta koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mota. Koili ya DC iwekewe dayodi, kwa sababu inapoachiwa hurudisha mshtuko wa volti unaoweza kuua transista. Ukinunua sensa za elektroniki, uliza kama ni za PNP (hutoa chanya) au NPN (hutoa hasi) na ulinganishe na PLC yako kabla ya kulipa.

Kitufe cha dharura ni habari nyingine kabisa. Kikate umeme wa koili za kontakta moja kwa moja kwa waya, bila kuisubiri programu. PLC ipewe taarifa tu kwamba kimebonyezwa. PLC ya kawaida inaweza kuganda, na tokeo lake linaweza kuungua likiwa limeshikilia. Uhai wa mtu hauwekwi juu ya transista moja.

Siku ya kuwasha, fyuzi za mota ziwe zimetolewa, swichi kuu ya mota imepigwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwako. Inua kila boya kwa mkono huku mwenzako akitazama taa za PLC na kusoma anwani kwa sauti. Bonyeza kila kitufe. Sikiliza kontakta ikivuta bila mota. Waya zote zikiwa sahihi ndipo urudishe fyuzi, na uangalie kwanza mzunguko wa mota, kwa kuwa fezi mbili zikibadilishana mahali mota huzunguka kinyume, na pampu inayozunguka kinyume inaweza kutoa maji kidogo yanayokudanganya kwamba mambo ni shwari.

Jihadhari na amri ya kulazimisha, ambayo hukuruhusu kuliweka ingizo au tokeo kwenye 1 au 0 bila kujali hali yake halisi. Inasaidia sana wakati wa kupima, lakini ukisahau kuiondoa umezima ulinzi uliouandika mwenyewe.

Hatua ya nane: vipimo vinavyobadilika taratibu

Ukishayazoea maboya, yabadilishe kwa sensa ya kina ya miliampia 4 hadi 20. Tuseme sensa yako inapima mita 0 hadi 5: miliampia 4 ni tangi tupu, 20 ni mita 5, na 12 ni mita 2.5. Mkondo hauanzii sifuri kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo: miliampia 0 humaanisha waya umekatika, wala si tangi tupu, na PLC inaweza kutofautisha.

Kwenye PLC za Siemens, kipimo hicho hufika kama namba kati ya 0 na 27648, hivyo nusu ya tangi ni 13824. Ili kupata mita, zidisha kwa 5 na ugawe kwa 27648. Lakini 13824 mara 5 ni 69120, na namba nzima ya biti 16 haivuki 32767, kwa hiyo hesabu itavurugika. Igeuze kwanza kuwa namba ya desimali, au utumie NORM_X na SCALE_X zilizowekwa kwa kazi hiyo. Kisha maboya mawili yawe namba mbili, tuseme mita 1.2 na mita 4.6, huku kipago cha pampu kikibaki vilevile. Boya la juu la kweli liache mahali pake, likate pampu hata sensa ikidanganya.

Kabla ya kuondoka

Chukua nakala ya programu iliyomo ndani ya PLC, si ile unayodhani umeipeleka, uipe jina lenye tarehe, na uihifadhi mahali pawili. Chapisha orodha ya waya, uiandike mabadiliko yote ya siku ya kuwasha kwa kalamu, uiweke kwenye mfuko wa plastiki na uibandike upande wa ndani wa mlango wa kabati, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama na tochi.